Malisho ya Chini ya Maporomoko

Mgeni alishuka melini peke yake, na meli ikageuka papo hapo ikarudi ilikotoka, maana siku hiyo haikuwa na shehena ya kuisubirisha. Aslaug, aliyekuwa akianika nguo kwenye kamba, alimwona: mwanamke aliyekwisha kuupita utu uzima, koti la kijivu, mkoba mmoja, viatu vya mjini. Alisimama gatini akatazama juu, lakini si kama wageni wengine wanavyotazama. Wageni wa Skorvik, kijiji hiki cha Norwe, hutazama maji kwanza, ule mkono wa bahari mweusi uliojipenyeza kati ya milima ukatulia humo bila hata wimbi la kulamba mawe. Kisha hutazama milima, kisha maporomoko meupe yanayoning'inia juu ya kijiji, halafu hutoa kamera. Huyu alitazama mahali pamoja tu, chini ya maporomoko, penye kipande cha majani mabichi. Alipatazama mpaka meli ikapotelea nyuma ya rasi.

"Ndiye uliyemwambia aje?" aliuliza Gunvald, baba mkwe wake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la dirishani na kikombe chake cha kahawa.

"Alipiga simu dukani, wakaniletea ujumbe. Anaitwa Bi Lohse."

"Lohse." Mzee alilitafuna jina. "Hilo jina la kule."

"La kule, ndiyo."

"Basi mpe chumba cha nyuma. Kile kinachovuja."

"Hakivuji tena, baba. Torgeir alikiziba."

"Hasara," alisema Gunvald, akarudi kwenye kahawa yake.

Aslaug hakukasirika. Alishazoea. Tangu Torgeir, mumewe, aanze kufanya kazi kwenye bwawa la umeme kule ndani milimani na kurudi mwisho wa juma tu, nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na mzee, na wageni wa kiangazi waliokuja kupanda njia ya maporomoko. Wajerumani walishapita mle, vijana wenye mizigo mgongoni waliozaliwa vita vikiwa vinakwisha. Wakikaa mezani, mzee huinuka. Huchukua sahani yake akaenda kula kwenye banda la kuni, na Aslaug huwaambia vijana kwamba mzee ana maumivu ya mgongo.

Sababu yake kila mtu alikuwa anaijua. Mwanawe wa kwanza, Eivind, alikamatwa mwaka wa pili wa uvamizi wa Wajerumani kwa sababu ya redio iliyofichwa chini ya nyasi kavu ghalani. Walimchukua kwa boti, mikono imefungwa, na hata mwili haukurudi. Na maofisa wa Kijerumani waliokuwa wakilala orofa ya juu ya nyumba ya Gunvald waliendelea kulala humohumo, wakipanda na kushuka ngazi zake na viatu vyao vizito, mpaka vita vilipokwisha. Lugha yao aliijua vizuri kuliko alivyopenda kukiri, na Aslaug naye alikuwa ameiokota ya kutosha.

Jioni ile walikuwa watano mezani. Kulikuwa na mwalimu Brekke na mkewe, watu wa Bergen, waliokuja kila mwaka, na mwalimu huyo alipenda sana kueleza mambo. Aslaug alipakua samaki wa kuchemsha, viazi na siagi ya kuyeyusha. Alimtupia jicho mzee, akingoja ainuke na sahani yake. Mzee hakuinuka. Labda kwa kuwa mgeni alikuwa mama mzima, na mvi zake, na alikuwa amemwamkia kwa adabu alipoingia.

"Umefika mahali pazuri, bibi," alianza mwalimu kwa Kijerumani chake cha shule, akijisikia raha. "Kesho upande mlimani. Ni mwendo wa asubuhi moja, na njia si mbaya ukiwa na viatu. Hivyo vyako, sijui."

"Vitatosha," alisema Bi Lohse.

"Na kama unapenda habari za kale, rasini kuna mizinga bado, inakula kutu. Na malisho yale ya chini ya maporomoko yana kisa chake."

"Brekke, samaki anapoa," alisema mkewe.

"Mwache anieleze hicho kisa," alisema Bi Lohse. Alikuwa ameweka uma chini.

Mwalimu hakuhitaji kubembelezwa. Alieleza jinsi Wajerumani walivyotega mabomu ardhini pale ili mtu asije akawashukia kutoka mlimani akawavamia kwa nyuma penye mizinga yao. Vita vilipokwisha wakaambiwa wayategue wenyewe. "Na ni haki, usinielewe vibaya. Aliyemwaga ndiye azoaye. Walikuwa mateka, walipewa vyuma vya kuchokorea udongo, wakaenda hatua kwa hatua kwa magoti. Walipomaliza, waliambiwa washikane mikono, mstari mmoja, wapite uwanja wote kwa miguu. Mtu akijua atapita mwenyewe juu ya kazi yake, haifanyi kwa mzaha."

"Nani aliwaambia wapite?"

"Ofisa aliyekuwa na zamu. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali pwani hii."

"Hiyo ni mara ya kwanza," alisema Bi Lohse. "Mimi nauliza mara ya pili."

Mwalimu hakuwa na habari ya mara ya pili. Aslaug alikuwa nayo. Alilishika bakuli la viazi hewani, asijue aliweke wapi, na hakuthubutu kumtazama baba mkwe wake.

Siku ile ya mwaka wa arobaini na tano Aslaug alikuwa msichana, mchumba wa Torgeir, akisaidia kukamua kwa mzee. Mateka walikuwa wamekaa kijijini wiki kadhaa, wachafu, wembamba, wakilala kwenye banda la boti. Walikuwa watu wa kawaida kuliko alivyotaka wawe. Mmoja wao, kijana mwenye masikio makubwa, aliwahi kumuuliza kwa Kinorwe cha kuokoteza yale maporomoko yanaitwaje. Akamjibu kwamba hayana jina, ni maporomoko tu. Kijana akacheka, akasema kwao hata kisima kina jina.

Siku ya kumaliza kazi watu wa Skorvik walipanda kwenda kutazama. Walisimama nyuma ya uzio kama watu waliokuja mnadani. Mateka walishikana mikono wakapita, ofisa akitazama, na hapakutokea kitu. Walipofika upande wa pili, baadhi yao walikaa chini kwa pamoja. Ofisa alikuwa akifunga mkoba wake. Ndipo Gunvald, aliyekuwa ameegemea uzio, akapaza sauti.

"Kona ile ya chini hawakuigusa. Pale penye mti uliolala."

Ofisa alikuwa kijana wa Kinorwe kutoka mjini, amechoka, anataka kurudi kwao. "Wameigusa, mzee. Nimeona mwenyewe."

"Ng'ombe wangu ndio watakaokanyaga, si wewe. Warudi."

"Una hakika?"

"Warudi," alisema Gunvald.

Basi ofisa akawaambia, wakarudi. Hakuna aliyewasukuma kwa bunduki, walirudi wenyewe, kama watu wanavyorudi kufunga mlango waliousahau. Walishikana mikono wakateremka kuelekea penye mti uliolala, na bomu likalipuka chini ya yule kijana mwenye masikio makubwa. Likamchukua yeye na wa kushoto kwake, na wa kulia likamng'oa mkono aliokuwa amemshika nao.

Kilichofuata Aslaug hakupenda kukikumbuka. Lakini jambo moja lilimkaa kooni miaka yote: kwamba mzee alikuwa amesema kweli. Bomu lilikuwepo. Ndivyo watu wa Skorvik walivyokieleza kisa walipokieleza, na si mara nyingi. Gunvald alijua ardhi yake. Gunvald aliokoa mtu.

Sasa mzee alipangusa kisu chake kwa mkate, akakiweka pembeni ya sahani. Alizungumza Kijerumani, na sauti yake katika lugha hiyo ilikuwa ya mtu mwingine, kavu, ya mtu aliyejifunza maneno kwa kuamrishwa.

"Wewe ni nani?"

"Mama yake Ewald Lohse. Aliyekuwa kulia kwake alirudi nyumbani na mkono mmoja. Miaka yote aliniambia ilikuwa ajali. Mwaka huu alipokuwa kitandani na ini limekwisha, aliniita, akaniambia kulikuwa na mara ya pili. Akanielekeza na nyumba hii."

"Bomu lilikuwepo," alisema Gunvald.

"Najua lilikuwepo."

"Angekanyaga ng'ombe. Angekanyaga huyu." Alimwonyesha Aslaug kwa kidevu. "Alikuwa akipita pale kila siku na ndoo zake kabla hamjaja. Angekanyaga yeye. Nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi, mzee. Sikuja kubishana juu ya hilo. Nina swali moja. Ulisema warudi na vile vyuma vya kuchokorea, au ulisema warudi kwa miguu?"

Mke wa mwalimu alikuwa akizitazama nyuzi za kitambaa cha meza. Nje mbuzi alilia, mbuzi mwingine akamjibu.

"Vyuma vilikuwa palepale," aliendelea Bi Lohse bila kupandisha sauti. "Vimelazwa kwenye majani karibu na uzio. Yule wa mkono mmoja aliniambia. Alisema walitazamana, wakangoja waambiwe wavichukue. Kwa hiyo nauliza."

"Nilisema warudi," alisema Gunvald.

"Na ofisa alipowaambia washikane mikono?"

Mzee alikigeuza kisu juu ya meza. "Sikusema kitu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na mtoto," alisema Gunvald.

"Na mimi," alisema Bi Lohse.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema, lakini hawakusema itakuwaje wazazi wawili wakiuleta uchungu wao kwenye meza moja. Aslaug alidhani mmoja wao angelia, au mzee angepiga meza kama alivyozoea kwa mambo madogo zaidi. Haikuwa hivyo. Bi Lohse alichukua uma, akala kipande cha samaki. Kisha akasema, "Kesho nataka kupita pale. Nataka mtu wa kunishika mkono."

"Baba ana miaka sabini na kitu," alisema Aslaug haraka. "Magoti yake hayafai. Nitakupeleka mimi."

"Sikukuomba wewe, binti yangu."

"Nitakwenda," alisema Gunvald. Akainuka, na safari hii hakuichukua sahani yake.

Alipokwisha kuosha vyombo, Aslaug alimfuata mzee chumbani kwake. Alimkuta amekaa kitandani na soksi mkononi.

"Baba, si lazima. Nitamwambia unaumwa."

"Naumwa nini? Mgongo?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Miaka yote umewaambia wale watoto wao naumwa mgongo. Unadhani sikuwa nasikia?"

"Anataka kukutesa."

"Mwache atese. Majani yale ni salama. Ng'ombe wangu wamekula pale miaka ishirini, na sijapoteza hata ndama. Nitampeleka aone, kisha aende zake."

Asubuhi mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha, ile ambayo watu wa Skorvik hawaihesabu kuwa mvua. Mzee alivaa koti la kanisani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwalimu na mkewe walibaki nyumbani. Mwalimu alisema ana barua za kuandika, na kwa mara ya kwanza hakueleza ni za nini.

Walipanda watatu, Bi Lohse mbele. Njia ilipita katikati ya miti myembamba yenye magome meupe, ikapanda kwenye mawe yaliyolowa, na kila kona sauti ya maporomoko iliongezeka mpaka ikawa huwezi kuzungumza bila kukaza koo. Viatu vya mjini viliteleza. Bi Lohse aliposhika jiwe kwa mkono asianguke, Aslaug alinyoosha mkono kumsaidia, na mama yule akautikisia kichwa. Nyuma yao mzee alipumua kwa mdomo. Mara mbili alisimama akajifanya anatazama hori, ule mkono wa bahari, kule chini, lililolala pale bila mkunjo, zuri, na nyumba za Skorvik ukingoni zikiwa ndogo kama punje.

Kwenye uzio palikuwa na lango la mbao. Wageni hupita langoni, hukatiza malisho, hukaa katikati wakanywa kahawa yao ya chupa na kutazama maji yakidondoka. Wenyeji hawapiti. Hakuna aliyewakataza, lakini hata watoto waliozaliwa baadaye, walioambiwa nusu ya kisa au hawakuambiwa kabisa, huuzunguka uzio kwa nje, kwenye matope.

"Ni wapi?" aliuliza Bi Lohse.

Aslaug alimwonyesha. Mti uliolala ulikuwa umeoza zamani, pamebaki mstari wa majani marefu zaidi.

Bi Lohse alimgeukia mzee. "Wewe mwenyewe umewahi kupita?"

"Ng'ombe wamepita."

"Nimekuuliza wewe."

"Ng'ombe mimi huwafungulia lango," alisema Gunvald, "na jioni nawaita."

Ndipo Aslaug naye alipotambua. Miaka yote hiyo, kila jioni ya kiangazi, alikuwa amemsikia mzee akiita ng'ombe langoni, ule mwito mrefu wa kuimba ambao wageni waliupenda, na hakuwahi kujiuliza kwa nini haendi kuwafuata.

Bi Lohse alivua glavu yake ya kulia akaitia mfukoni. Akanyoosha mkono. Mzee aliutazama, akaushika. Wakaingia.

Walikwenda polepole. Kutoka langoni Aslaug aliwaona kwa mgongo, koti la kijivu na koti jeusi, kama wanandoa wazee wanaotoka kanisani. Mvuke wa maporomoko uliwafunika, ukawaachia. Walipita katikati. Wakaanza kuteremka kuelekea kwenye majani marefu. Hapo mwendo wa mzee ukabadilika. Alianza kunyanyua miguu juu mno, akaitua kwa vidole kwanza. Hatua chache zaidi, akasimama.

Alisema kitu. Aslaug hakusikia kwa kelele ya maji. Alimwona Bi Lohse akiinamisha kichwa kumsikiliza, kisha akitazama chini penye mguu wa mzee. Walisimama hivyo, mkono kwa mkono, muda mrefu kiasi kwamba Aslaug alishika lango akitaka kuingia. Kisha Bi Lohse akauachia mkono.

Hakuutupa. Alivifungua vidole vyake akautoa, kama mtu anavyoutoa mkono wake kwa mtoto aliyelala. Akageuka akarudi kupanda, akikanyaga popote, bila kutazama chini, na koti lake limelowa mpaka magotini. Mzee alibaki peke yake chini kule. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa pembeni.

"Anasema kuna kitu chini ya mguu wake," alisema Bi Lohse alipofika langoni.

"Kitu gani?"

"Sijui. Nimemwambia ni jiwe."

"Na umemwacha?"

"Nimemwacha," alisema, akakaa juu ya jiwe karibu na uzio, akaanza kuvaa glavu yake.

Aslaug aliita, "Baba! Rudi!" Mzee hakugeuza hata kichwa. Kila mwaka barafu inapoyeyuka, ardhi ya huko hutapika ilivyovimeza: mawe, mifupa, vyuma. Aslaug alilijua hilo kama kila mkulima. Alijua pia kwamba kona ile, baada ya mlipuko, hakuna aliyerudi kuichokoa. Walizoa walichoweza kuzoa, wakafunga kazi. Ng'ombe walikula majani kote, ndiyo. Lakini nani aliyewahi kuangalia kama walikula pale hasa, penye majani marefu, na kama walikula, kwa nini yalikuwa marefu?

Aliingia. Baadaye hakuweza kueleza alivyovuka. Alikumbuka tu kwamba alipita mahali walipokanyaga wao, penye majani yaliyolala. Alipomfikia mzee aliona uso wake. Umekuwa wa rangi ya unga. Suruali ya kanisani ilikuwa imelowa mbele, na si kwa mvua.

"Usisogee karibu," alisema Gunvald.

"Nimeshasogea. Mguu gani?"

"Kulia. Nikiuondoa tu."

"Ni jiwe, baba."

"Umeona?"

Hakuwa ameona. Alipiga magoti, akalala kifudifudi kwenye majani, uso wake karibu na kiatu cha mzee, akaingiza vidole kwenye udongo pembeni ya soli. Alichimba kidogo kidogo, kwa kucha. Udongo ulikuwa mwepesi na wa baridi. Alihisi kitu kigumu, chenye uso laini, cha mviringo. Akakifuata kwa kidole kwa upande, kikaendelea, kikapinda, kikawa na ncha. Alifuta matope. Kilikuwa cha kijivu chenye mstari mweupe katikati.

"Ni jiwe," alisema. "Naapa. Nyanyua."

"Siwezi."

"Nyanyua, baba."

"Miguu imekataa, Aslaug." Akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, jinsi ambavyo hakuwahi kulia kwa ajili ya Eivind. Aslaug aliinuka, akamkumbatia kiunoni kwa nyuma, akamvuta, wakaanguka wote wawili juu ya majani. Hapakutokea kitu. Maji yaliendelea kudondoka. Alimwinua, akamtia bega, akamrudisha langoni akimkokota, na njia nzima mzee alikuwa akinong'ona jambo moja. Aslaug alilisikia na hakutaka kulisikia: "Walitazamana. Nami niliwaona wakitazamana."

Bi Lohse aliinuka walipofika. Alimtazama mzee kuanzia suruali hadi usoni, bila dhihaka na bila huruma. Kisha akamwambia Aslaug, kwa kuwa mzee hakuwa mtu wa kuambiwa kitu wakati ule:

"Sikumsamehe. Msije mkasema baadaye kwamba nilikuja hapa nikamshika mkono nikamsamehe. Watu hupenda kusema hivyo."

"Sitasema."

"Nilitaka ajue njia ile ina urefu gani. Basi." Alisita. "Mwanangu ulimwona?"

"Nilimwona. Aliwahi kuniuliza jina la maporomoko."

"Ukamwambia?"

"Hayana jina."

Bi Lohse aliyatazama maporomoko, yale ambayo watu walitoka mbali kuja kuyaona, kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Kisha akashika njia ya kushuka, mbele yao, na hakugeuka tena. Alasiri aliondoka na meli. Chumba cha nyuma alikiacha kimetandikwa, shuka zimekunjwa pembeni kwa pembeni kama za hospitali.

Torgeir aliporudi mwisho wa juma alimkuta baba yake kitandani, uso ukutani. Aslaug alimweleza yote, pamoja na swali la vyuma na miguu. Torgeir alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Ulimwachaje apande?"

"Alisema atakwenda."

"Mzee akisema ataruka gatini, utamwacha aruke?" Alikaa. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Hilo la vyuma. Ni kweli?"

"Muulize mwenyewe."

Hakumuuliza. Ndivyo walivyokuwa katika nyumba ile. Walijua kuzunguka.

Mzee aliinuka kitandani baada ya siku chache, lakini hakuwa yule. Kahawa aliinywa nusu. Maneno yake makali yalimwisha, na Aslaug, aliyekuwa ameyavumilia miaka yote, alijikuta akiyatafuta. Ng'ombe hakuwapeleka tena kule juu. Kila asubuhi, mvua au jua, alichukua fimbo akapanda peke yake mpaka langoni, akasimama pale. Wageni wakifika na mikoba yao, aliwazuia kwa fimbo.

"Zungukeni," aliwaambia. "Huku hapapitwi."

"Lakini alama ya njia inaonyesha huku, mzee."

"Zungukeni."

Wengi walizunguka, wakicheka kwa adabu. Wengine walilalamika dukani kwamba kuna mzee amerukwa na akili. Torgeir alipanda mara mbili kumshusha, na mara mbili mzee alirudi kesho yake. Mnamo Septemba mvua za kweli zilianza, wageni wakakatika, naye aliendelea kupanda akilinda malisho yasiyo na mtu. Siku moja hakurudi kula. Aslaug alimkuta ameketi kwenye jiwe karibu na uzio, amelowa chapachapa, midomo ya buluu, fimbo magotini. Alimteremsha. Kifua kikaziba wiki ileile. Daktari alikuja kwa boti, akasikiliza mgongo wake, akatikisa kichwa.

Siku za mwisho mzee alizungumza Kijerumani tu. Aslaug alikaa naye. Alikuwa akijibu watu wasiokuwepo waliokuwa wakimuuliza mambo ya ngazi, ya kuni, ya nani analala wapi. Jina la Eivind hakulitaja.

Kwenye mazishi mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu aliyeijua ardhi yake, na watu wa Skorvik wakatikisa vichwa kukubali. Usiku ule Torgeir alikaa mezani na chupa, wageni wa mazishi wameondoka.

"Yule mama ndiye aliyemuua," alisema.

"Baba yako ameuawa na mapafu," alisema Aslaug.

"Unamtetea."

"Simtetei mtu. Niliingia mle kumtoa baba yako. Nilichimba kwa kucha. Wewe hukuwepo, wala siku ile ya kwanza hukusimama pale uzioni kama mimi. Usiniambie nani kamuua nani."

Torgeir alirudi bwawani kabla ya siku yake, na msimu wote wa baridi walizungumza mambo ya lazima tu, nyasi za ng'ombe, mafuta ya taa, paa. Habari za Bi Lohse hazikuwafikia tena. Mwalimu Brekke na mkewe mwaka uliofuata walikwenda hori jingine.